Kapu Likijaa, Tunaondoka

Tangu nirudi Voi hamjanipa nafasi ya kupumua. Mmoja anataka habari za ngamia, mwingine anauliza kama ni kweli mchanga wa kule hauna mwisho, na wewe Mkawasi ukaniuliza mbele za watu, nje ya kanisa, "Basi Mshai ulimkuta au hukumkuta?" Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Leo nimekaa niwaandikie yote mara moja, kwa sababu kwa mdomo siwezi. Nikifika pale mlimani sauti hukatika. Mambo ya ajenti na makaratasi nayaacha, hayo kila nyumba hapa inayajua. Nitawaandikia safari ile ya Riyadh mpaka Jeddah, na mkimaliza kusoma, tafadhali, msiniulize tena.

Riyadh, kwenye zulia

Najua mnangoja niwataje watu wabaya. Hawapo. Nyumba yangu ya Riyadh ilikuwa ya watu wa kawaida. Bosi alikuwa mtu wa ofisi, mpenda kupiga picha wanyama. Madam alikuwa mwalimu, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau. Kulikuwa na watoto wawili, na mama yake bosi, bibi mwenye maradhi ya moyo, ambaye nyumba nzima ilimwita Yumma, yaani mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Dereva alikuwa Idris, Msudani, maneno machache, chai nyingi.

Wenzetu kule wana msimu wanaouita rabii. Mvua za baridi zikishapita, jangwa linatoa majani, na shule zikifungwa watu wanabeba mahema, mazulia, mabirika na bibi zao, wanakwenda kukaa mchangani. Basi jioni baada ya jioni bosi alikuwa anatandaza ramani kwenye zulia la sebuleni na mabishano yanaanza. Yeye alitaka hifadhi iliyo njia ya Taif, akapige picha za wanyama wa jangwani. Yumma alitaka mchanga mwekundu wa Dahna, nyuma ya Riyadh, akachimbe faga. Faga ni kitu kama kiazi lakini hakina mmea wake, kinajiotea chini ya mchanga radi zikipiga, na Waarabu wanakipenda kuliko nyama. Madam yeye alitaka bahari tu. Dada yake alikaa Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, na maneno yake yalikuwa ni hayo hayo: "Jangwa ninalo hapa mlangoni. Nipelekeni Jeddah."

Mimi nilikuwa upande wa madam kuliko madam mwenyewe. Mshai, mdogo wangu, yule niliyemwachia ziwa, alikuwa Jeddah. Figo zilikuwa zimemchosha hata kazi ikamshinda, na madam wake alikuwa amemkatia tiketi ya kurudi nyumbani, akamruhusu akae kwa wenzake Wakenya mtaa wa Bani Malik mpaka siku ya kuondoka. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile ya likizo. Nilikuwa sijamtia machoni tangu tuagane Voi. Nilitaka kumwona kabla hajapanda ndege. Hilo tu, sikutaka ngamia wala maua.

Kwa desturi gahwa, kahawa yao ile, unammiminia mkubwa kwanza. Mimi wiki hiyo nilikuwa naanza na madam. Yumma akaniangalia, akasema, "Huyu binti leo amepata mama mwingine." Wakacheka, nami nikacheka, nikaendelea kumimina.

Mwisho wakakubaliana kila mtu apate chake. Jumatatu tutoke, tulale kwenye mbuga ya Rawdat Khuraim, Jumanne Dahna kwa ajili ya Yumma, Jumatano tugeuze kwenda Taif kwa ajili ya bosi, Alhamisi tuingie Jeddah. Nikamwambia madam habari za Mshai. Akaniambia, "Inshallah, Idris atakupeleka kwake." Nikaenda jikoni nikampigia Mshai.

"Alhamisi niko kwako."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu."

"Basi nitakupikia kimanga."

"Wewe mgonjwa utapika nini?"

"Nitakaa kitini nitoe amri, wenzangu wapike. Si nimekaa na mabosi, nimejifunza."

Rawda

Rawda ni bonde la kijani ambalo ukishaona Riyadh huwezi kuamini liko karibu. Maua ya njano, maua ya zambarau, miti ya miiba, na familia kila mahali, kila moja na zulia lake na jiko lake la makaa. Bosi akasimama katikati ya maua akaniuliza kwa fahari, "Wakesho, kwenu umewahi kuona mbuga?"

Nikamwambia kwetu tembo huvuka uzio wa Tsavo, wanakula mahindi yetu, wanakwenda zao, na hakuna anayewapiga picha, watu wako kwenye mbio. Watoto walicheka mpaka wakaanguka, kisha mkubwa akamwambia mamaye kwamba Wakesho ni mwongo lakini ni mwongo mzuri.

Alasiri wingu likaja, matone ya kwanza yakaanguka. Jamani, mimi nimelelewa na mama yangu mnayemjua. Nikaruka. Nikakunja zulia, nikabeba mito, nikakimbiza sufuria ya wali garini, nikawa nawapigia kelele watoto, "Yalla, yalla, mvua!" Nilipogeuka, familia nzima imekaa pale pale kwenye majani, inanitazama kama niliyepagawa. Yumma alikuwa amevua miwani na kuelekeza uso juu, mvua ikimwagika mashavuni, mikono ameikunjua kama anayeomba. Kwetu mvua ikija watu wanaanua. Wale ndio kwanza wanatandika. Idris akanipokonya zulia taratibu na kulirudisha.

Nilichelewa kuelewa lile somo. Kwao mvua ya jangwani ni mgeni, na mgeni akija huondoki.

Mchanga mwekundu

Jumanne asubuhi tulikuwa Dahna, mahali ambapo simu haishiki kitu. Mchanga ni mwekundu, mwekundu hasa, kama udongo wa barabara yetu ya kwenda Mwatate. Nilipoushika roho iliniuma kwa kukumbuka nyumbani.

Yumma alishuka na fimbo yake, akanionyesha. Unatafuta mahali ambapo ardhi imevimba kidogo na kupasuka, kama mkate ulioumuka. Unaingiza kisu pembeni, unainua, faga hiyo hapo. Watoto walitafuta kidogo wakachoka, wakaanza kulia joto na nzi. Ndipo bosi akasema neno lile, akielekeza kidole kwenye kapu la Yumma: "Halas, msilie. Kapu likijaa, tunaondoka."

Mimi nililisikia kama ahadi. Kapu likijaa tunaondoka, tukiondoka Alhamisi iko palepale, na Alhamisi ni Mshai. Nikafunga buibui kiunoni nikaanza. Sijawahi kufanya kazi vile, hata kwa mama wakati wa palizi. Nilitembea nimeinama, jua mgongoni, macho chini, nikiona ufa nachimba, nikiona uvimbe nachimba. Nikajaza sufuria nikamwaga kapuni, nikarudi. Yumma alikuwa ananifuata akipiga vigelegele vidogo vidogo vya kikohozi. Kabla ya adhuhuri kapu lilikuwa limejaa hadi linamwagika.

Nikasimama mbele ya bosi, jasho linanitoka, nikasema, "Baba, limejaa."

Yumma akanishika kichwa akanibusu kwenye paji la uso. Kisha akasema kitu kwa haraka, na bosi akachukua funguo za gari.

"Tunaondoka?" nikamuuliza Idris.

"Anakwenda barabarani kupata mtandao. Anawaita ndugu zao wa Riyadh."

"Waje wapi?"

"Hapa. Waje kula faga."

Nikamkimbilia bosi kabla hajawasha gari. "Si ulisema kapu likijaa tunaondoka?"

Akacheka, si kwa dharau, kwa furaha tu. "Nilisema hivyo nikidhani hatutapata kitu! Nani huondoka penye faga, Wakesho? Mahali kama hapa hupati kila mwaka. Usipowaita ndugu zako watakulaumu mpaka kufa."

Kumbe ndivyo. Kapu likiwa tupu ndiyo unaondoka. Likijaa unapiga kambi. Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyopigilia vigingi vya hema lile.

Nilimfuata madam nyuma ya hema alikokuwa anaosha watoto miguu. "Madam, dada yangu. Jumamosi anasafiri."

Akasema kwa sauti ya chini, "Najua. Sijasahau. Lakini mtazame yule." Akaelekeza kwa kidevu. Yumma alikuwa amekaa mchangani, anafuta faga moja moja kwa ncha ya shela, akiongea nazo. "Rabii iliyopita alikuwa amelazwa. Ijayo, Mungu ndiye anayejua. Huenda hii ni ya mwisho kwake. Mwache afurahi, Wakesho. Jeddah haikimbii."

Ningemwambia wangu pia huenda ni mara ya mwisho? Sikutaka kulitamka, nikaona nikilitamka litakuwa.

Jumatano ndugu wakafika, magari kwa magari. Tukapika faga kwa samli, kwa wali, kwa mayai. Mkiniuliza ladha yake, ni kama uyoga uliolala na kiazi, na mchanga hautoki wote hata uoshe vipi, unausikia menoni. Wote walinisifu. Binamu mmoja wa madam alitaka kuniazima niende kwake rabii ijayo. Alhamisi, siku niliyomwapia Mshai, nilikuwa nimekaa juu ya galoni nasugua faga za wageni kwa mswaki, machozi yananidondokea kwenye beseni.

Yumma akaniona. Akaja na fimbo yake, akakaa chini karibu yangu, kwa shida. "Una nini, binti?"

Nikamwambia yote kwa Kiarabu changu cha jikoni. Dada. Mgonjwa. Jeddah. Safari Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

Akauliza, "Na ni kwa ajili yangu tumekaa hapa?" Akamwita mwanawe kwa sauti ambayo sikujua mwili ule unayo, na wageni wote wakageuka. Sikuelewa kila neno, lakini bosi aliinamisha kichwa kama mtoto, na madam akashika kusafisha birika lililokuwa safi. Kambi ikaamriwa ivunjwe Ijumaa alfajiri.

Wakati tunafunga mizigo Yumma alinipa mfuko wa faga, zile kubwa kubwa alizojichagulia mwenyewe. "Mpe dada yako. Mwambie Yumma anaomba radhi."

Barabara ya Taif

Simu ilishika mtandao tulipokaribia Riyadh. Nikampigia Mshai pale pale, gari linakwenda.

"Wewe! Nilidhani ngamia wamekumeza."

"Kesho asubuhi nitakuwa kwako."

"Natoka hapa kabla ya adhuhuri, Wakesho. Wamesema wa kiti cha magurudumu wafike mapema." Sauti yake ilikuwa nyembamba, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Kimanga kilipikwa jana. Wenzangu wamekitamani, nimewakatalia."

"Nitakula hata kikichacha."

"Kiko kwenye friji, hakichachi. Wewe njoo tu."

Ile barabara, jamani, ni ndefu ya kuchosha hata macho. Mchana kutwa ni lami na mawe. Bosi hakusema lolote kuhusu hifadhi yake, lakini tulipoupita uzio wake jua likielekea kushuka, alipunguza mwendo, kisha akasimama. "Dakika moja tu," akasema, hakunitazama. Ndani ya uzio, mbali, kulikuwa na mnyama mmoja mweupe mwenye pembe ndefu. Choroa, tena mweupe, wetu wa Tsavo ni wa kijivu. Bosi akapiga picha, akasogea, akapiga tena. Nilimkasirikia mtu yule kwa choroa mmoja kuliko kwa kambi nzima. Lakini alipoingia garini akasema peke yake, "Miezi yote nimepanga, nimeona mmoja," nikamwona naye ni binadamu.

Taif tulifika watu wamelala, nasi tukalala.

Mlimani

Kutoka Taif unateremka mlima wa Hada, barabara imejikunja kunja ukutani kwa mwamba, chini kabisa ndiko tambarare ya Makka na Jeddah. Jumamosi asubuhi tulifika kileleni tukakuta kizuizi. Ukungu. Huoni hata taa ya gari la mbele. Polisi akaashiria tusubiri.

Tulisubiri. Nyani walikuwa wamejipanga kwenye ukuta wa barabara, wanaomba ndizi garini, na watoto wakasahau kila kitu. Mimi nilikuwa naangalia ukungu, naangalia simu. Yumma alikuwa anahesabu tasbihi yake, midomo inakwenda upesi, nadhani aliniombea mimi.

Mshai akapiga. "Uko wapi?"

"Niko mlimani na nyani."

Akacheka. Kwanza akacheka kidogo, halafu kikampata kicheko chenyewe. "Nyani? Umeacha nyani wa Voi, ukapanda ndege, ukawafuata wengine?"

"Mmoja amenyakua biskuti za mtoto wa bosi."

"Mpe salamu. Mwambie sisi ni watu wa shamba lile la mahindi." Kisha nikasikia mtu anamwambia kitu, na yeye akasema, "Gari limefika, Wakesho."

"Ngoja kidogo. Ukungu unaondoka, naona."

"Ningoje? Mimi nani? Ndege hainijui." Akapumua. "Utakula lakini?"

"Nitakula."

"Usile nusu. Nakujua wewe, ukilia huli."

Ukungu ulipoachia tukateremka. Chini, barabara inagawanyika. Familia ilikuwa ipitie Makka kufanya umra, na mimi Mkristo Makka siingii, kibao kikubwa kinatuonyesha njia yetu sisi wengine. Yumma akaamuru nishuke niingie gari la mizigo, ambalo Idris alikuwa akiliendesha nyuma yetu. "Mpeleke moja kwa moja. Usisimame kunywa chai." Madam akashuka naye, akanifunga shela vizuri kichwani kama anayemtengeneza mwanawe, akarudi garini.

Idris aliendesha kama kichaa, na hakunywa chai.

Bani Malik

Bani Malik ni mtaa wa maghorofa yaliyosongamana, watu wa kila nchi, nguo zimeanikwa mpaka angani. Nekesa, aliyekuwa akikaa na Mshai, alikuwa amesimama chini mlangoni. Nilipomwona amesimama peke yake nikajua.

"Ametoka saa moja iliyopita," akasema. "Alikataa kuteremka mpaka dereva akapiga kelele."

"Twende uwanja wa ndege."

"Ameshaingia ndani, dada. Nimeongea na aliyempeleka. Kiti kimepita mlango wa wasafiri, simu ameizima."

Nilikaa kwenye ngazi. Nililia kwa sauti kubwa hata Mpakistani wa dukani akatoka na chupa ya maji. Nililia, na Nekesa akanishika mabega, akaniambia, "Panda juu. Ametuachia amri."

Godoro lake lilikuwa dirishani, shuka limekunjwa. Nekesa akatoa sahani kwenye friji, imefunikwa kwa sahani nyingine na kufungwa kitambaa. Kimanga. Mihogo ya kugandishwa ya madukani na maharage, vimepondwa kama anavyoponda mama, na juu yake amechora mstari kwa kijiko, kama tulivyokuwa tunagawana utotoni ili asile mtu upande wa mwenziwe. Upande mmoja ulikuwa umeliwa. Alikuwa amekula wake, akaniachia wangu.

Nekesa alitaka kukipasha moto, nikakataa. Nikala hivyo hivyo cha baridi, nimekaa kwenye godoro lake, kamasi na machozi pamoja. Kilikuwa kimezidi chumvi kidogo. Nilikula mpaka nikafikia ule mstari, na sahani nikaifuta kwa kidole. Kisha nikamtumia sauti kwenye simu: "Nimekula. Nimemaliza. Chumvi umezidisha."

Ujumbe ule haukufika. Laini yake ilikuwa ya kule, na alipofika kwetu hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Baada ya siku chache mama akanipigia, nami nilikuwa Al-Hamra jikoni kwa dada yake madam, natoa samaki magamba. Mnajua aliyonipigia kuniambia. Mlikuwepo mkazika. Mimi mkataba ulikuwa haujaisha.

Zile faga niliwaachia Nekesa na wenzake. Sikuweza kuziangalia. Yumma aliponiuliza kama dada alizipenda, nilimwambia, "Alizipenda sana." Hakuona rabii nyingine, Mungu amrehemu.

Nyumbani

Sasa Mkawasi, jibu lako. Sikumkuta.

Lakini niliporudi, jioni ya kwanza, mama alikuwa anachambua maharage, nami nikamsaidia. Akasema bila kuinua macho, "Pale Nairobi walipomtoa na kile kiti, hakunisalimu hata. Neno lake la kwanza lilikuwa, 'Mama, Wakesho amekula?'"

"Ukamwambia nini?"

"Ningejua nini mimi? Ulikuwa huko kwa Waarabu, simu yako siipati. Lakini nilimwona alivyo." Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Nikamwambia umekula. Nikamwambia umemaliza sahani yote. Akafumba macho, akasema, 'Basi sawa.' Mungu anisamehe, nilimdanganya mwanangu."

Nikamshika mkono. "Hukumdanganya, mama," nikamwambia. "Nilimaliza."